Tangazo moja, biashara tatu

Watu wetu wa Pwani walioko Nairobi wengi biashara zao ziko nyumbani. Mke wangu hupika mahamri na kaimati hapa Kangemi. Mwaka jana alichanga pesa za karatasi za matangazo na jirani anayeshona mabuibui, na mwengine wa Kawangware anayepaka hina.

Faida yake ni hii. Kwa wapiga chapa wa River Road, kuchora tangazo na kutayarisha mashine hulipiwa mara moja, uchapishe karatasi mia tano au elfu mbili. Mkichanga watatu, kila mmoja hutoa kidogo na karatasi huwa nyingi.

Kasheshe ilikuwa namba ya simu. Iliwekwa moja, ya mke wangu. Karatasi zikagawiwa Ijumaa nje ya Msikiti wa Jamia, simu zikaanza kulia. Mteja wa hina anapiga, mpokeaji mikono imo kwenye unga! Wiki ya pili wakawa wananuniana. Walipochapisha tena, kila mmoja aliweka namba yake, na aliyetaka nafasi kubwa akalipa zaidi.

Wauza mahamri wawili wa mtaa mmoja sidhani wataweza. Hawa waliweza kwa kuwa hawagombanii mteja. Lakini michango iandikwe. Suratul Baqara imetuamuru tuandike deni, sisi twaona haya. Mpaka leo yule wa hina adai mia mbili zake za karatasi za kwanza, na mke wangu ashikilia alishamrudishia.