Pori Lisilo na Mwenyewe: Juu ya Haki ya Kupita na Kulala Nje katika Ufipa

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya iko haki moja ambayo Kiswahili hakina jina lake. Mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, aweza kupita katika msitu au mlima usiolimwa, akachuma matunda ya mwitu, akapiga hema akalala, bila ya kumwomba ruhusa mwenye ardhi. Wanorwei waliiandika desturi hiyo katika sheria ya mwaka 1957. Hema lisiwe karibu na nyumba ikaliwayo kuliko mita 150, na mahali pengi mtu asikae zaidi ya siku mbili. Waswidi nao waliitaja katika katiba yao mwaka 1994. Mwalimu akitakiwa kuifasiri atasema "haki ya kila mtu", wala si tafsiri mbaya. Lakini msikilizaji wake wa Sumbawanga huenda akauliza, "Haki juu ya kitu gani?" Kwake kupita porini ni jambo la miguu tu; hajazoea kuliona kuwa jambo la baraza.

Na tuyatazame maneno yenyewe. Shamba lina mtu, kijiji kina watu. Pori ni pale palipobaki. Twasema "shamba langu", "kisima chetu", lakini ni nani asemaye "pori langu"? Nyika na mwitu ni hivyo hivyo. Tena watu wa pwani wana neno zuri, dago, yaani kambi ya wavuvi waliolala mbali na kwao. Hujengwa kwa makuti, huachwa msimu ukiisha, na mwaka wa pili wengine hulala papo hapo. Dago ni la aliyelifikia. Wala kulala nje si jambo geni pande hizi. Juu ya maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Ufipa na Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kuwa wameona magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya viumbe wa kale, nayo yana miaka ipatayo 476,000.

Sasa tuje Ufipa. Anayepanda kutoka ziwa Tanganyika hukuta uwanda wa juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wenye majani mengi na miti michache, na upepo usiokwisha. Wafipa hulima kwa matuta ya mviringo, wayaitayo ntumba, wakifukia majani chini ya udongo yaoze na kuurutubisha. Kwa hiyo majani ya porini ni mbolea ya kesho, na shamba lililopumzishwa hurudi kuwa pori kwa miaka kadha. Mpaka kati ya pori na shamba huhama. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa ni wakulima watulivu wasiopenda vita. Naye mwenyewe alipita na kulala katika nchi yao akiwa mgeni.

Tusidhani lakini kwamba pori hilo halikuwa na mwangalizi. Masimulizi ya Wafipa yasema kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa wa Milansi, alikuwa amekwenda kuwinda walipofika wanawake watatu wageni wa ukoo wa Twa, wakakikalia kiti chake. Aliporudi, ufalme ulikuwa umemtoka. Akabakiwa na Milansi na mlima wa Itweelele, pamoja na heshima ya kuwa mwenye nchi wa asili. Twaona katika hadithi hii mambo mawili ambayo wageni wengi hawakuyatenga: kutawala watu ni kazi ya mmoja, na kuiangalia nchi ni kazi ya mwingine. Mgeni apitaye hupiga hodi kwa mwangalizi, naye hamkatazi maji wala kuni. (Kwamba hadithi inamtahadharisha pia mwenyeji juu ya wageni, hilo hatulikani.)

Basi yalikuja maandishi. Amri ya Wadachi ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo, kwa maoni yetu, ni kosa la lugha kwanza, kisha la sheria. Mzee akisema "pori halina mwenyewe" maana yake ni kwamba hapana mtu mmoja awezaye kumfukuza mwingine. Karani aliandika maneno yale yale, nayo yakawa na maana kwamba aliye na nguvu aweza kulitwaa. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika, ikaliwayo na isiyokaliwa, kuwa ya umma chini ya Gavana. Na sheria za mwaka 1999 zaiweka mikononi mwa Rais kama mdhamini wa raia wote.

Tangu hapo pori limepata majina ya ukoo: pori la akiba, pori tengefu, msitu wa hifadhi. Neno hifadhi lenyewe, ambalo wazee walilitumia kwa kumwombea msafiri ulinzi wa Mungu, sasa ni jina la mahali ambapo msafiri haingii bila kibali. Hata hivyo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, inayokataza kuingia katika pori la akiba bila idhini ya maandishi, yamwacha apitaye kwa njia kuu. Haki ya kale ya kupita imebaki humo, nyembamba kama barabara yenyewe.

Hatusemi kwamba kufunga kote ni kubaya. Misitu ya milima ya Mbizi, juu ya Sumbawanga, ni midogo. Ina mbega wekundu, na vijito vyake huwanywesha watu wengi. Katika bonde la Rukwa wafugaji waliohamia na makundi makubwa katika miaka ya 1970 na 1980 waliwafundisha wenyeji kwamba pori lililo wazi kwa wote huweza kuliwa likaisha. Lakini mama aendaye kuokota kuni au uyoga pale alipookota bibi yake, akaambiwa kuwa ni mhalifu, hakuelezwa ni siku gani pori lilibadilika jina.

Kwa hiyo twawaomba walimu na makasisi walioko vijijini waangalie jambo moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na mkutano mkuu wa kijiji kuikubali. Wanakijiji wakija kuomba msaada wa kuandika, msiwaandikie "pori" peke yake. Andikeni njia iendayo mtoni kwa jina lake, na malisho, na mahali pa kukata nyasi za kuezekea, na uwanja walalapo wasafiri wa mnadani, kila kimoja kwa jina ambalo Wafipa hulitumia, na mpaka wake.