Dhahabu Jikoni: Mama, Jihadhari na Zebaki

Wageni wanaokuja mkoani Geita huvutwa na mambo mengi. Wako wanaokuja kutazama wanyama na ndege wa Rubondo, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Wako pia, tena wengi, wanaokuja kutafuta dhahabu. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji miaka ya 2000 na 2001. Lakini dhahabu inayoingia majumbani mwetu hapa Ushirombo haitoki huko. Inatoka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, ambao ni waume zetu, kaka zetu na wana wetu.

Hatuandiki ili kuilaani dhahabu. Imeezeka nyumba kwa bati na imelipa ada za shule mvua ilipokataa na mahindi yakakauka. Sisi tunaopima akina mama na kuwapima watoto uzito tunataka kusema juu ya jambo moja tu ambalo halionekani kwa macho.

Zebaki hufanya nini?

Jiwe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, kisha huchanganywa na zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki.

Je, ule mvuke huenda wapi? Hauonekani wala hauna harufu. Anayeuvuta, sehemu kubwa huingia kwenye damu kupitia mapafu. Unaobaki hupoa na kutua ukutani, darini, kwenye sufuria na nguo. Kwa hiyo donge linapochomwa kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba, hudhurika pia mama anayesonga ugali hapo na mtoto aliye mgongoni mwake.

Mtu mzima huanza kwa kuumwa kichwa, kukosa usingizi, kusahau na kuwa na hasira zisizo na sababu. Baadaye mikono hutetemeka na figo huharibika. Mara nyingi watu husema amerogwa, au wanamlaumu kwa pombe.

Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, wakati ubongo wake unajengeka. Mama anaweza kujiona mzima kabisa, kumbe mtoto atachelewa kukaa, kutembea au kusema.

Dunia ilijifunza kwa machungu. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakiugua. Baadaye chanzo kilijulikana kuwa ni zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini na kuingia kwenye samaki. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliitwa kwa jina la mji huo. Nasi maji ya mialo yetu yakiingia mtoni, zebaki hufuata njia hiyo hiyo. Kuchemsha maji hakuiondoi, wala kumkaanga samaki hakuiondoi.

Watoto wetu je?

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya Chunya, Geita na Kahama, wengine wakiwa na miaka 8 tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Mwanao akirudi na shilingi elfu mbili za kushika zebaki, fedha hiyo imenunuliwa kwa afya yake.

Mama afanye nini?

1. Donge lisichomwe ndani ya nyumba wala jikoni, hata siku ya mvua. Lichomwe mbali, mahali pa wazi, upepo ukielekea pasipo na watu. Bora zaidi litumike chombo kilichofunikwa chenye bomba, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena.

2. Kikaango kilichochomea dhahabu kisirudi kupikia kamwe.

3. Nguo za kazi zisilale chumbani, wala zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

4. Mjamzito na anayenyonyesha wasishike zebaki. Usiache kunyonyesha, acha zebaki.

5. Usitegemee maziwa. Kunywa maziwa hakuondoi mvuke uliokwisha kuvutwa.

6. Ukienda kliniki, mwambie muuguzi kwamba nyumbani mnachenjua dhahabu. Asipojua hilo, atatafuta ugonjwa mwingine.

Tunajua ugumu uliopo. Mume amechoka, na mnunuzi anasubiri. Ukimwambia kwa ukali, atajibu kwamba baba yake alichoma miaka yote. Chagua saa ya utulivu, umwambie, "Baba watoto, dhahabu ni yetu sote, lakini mvuke huu unamfikia mtoto kwanza." Mwombe pia afike kwenye kituo cha mfano cha STAMICO pale Katente, kilichojengwa kuwafundisha wachimbaji wadogo njia bora za uchenjuaji.

Na jambo hili lizungumzwe katika vikundi vyetu vya akina mama. Mmoja akikataa peke yake ataonekana mkorofi. Tukikataa mtaa mzima, itakuwa desturi.