Kazi ya kichwa ni mali ya nani?

Ndugu wasikilizaji, tunapotaja mfanyakazi wa benki, wengi wetu humfikiria karani aliyeketi nyuma ya kioo akihesabu noti. Katika benki kubwa za uwekezaji za New York na London, sura ya kazi ni nyingine. Benki hizo huzitafutia mitaji kampuni na serikali, na hununua na kuuza hisa, hati za madeni na fedha za kigeni. Sehemu kubwa ya shughuli hiyo sasa hufanywa na kompyuta, na kompyuta haifanyi ila ililoagizwa. Wanaoiandikia maagizo hayo ndio watunzi wa programu, nao ni maelfu katika benki moja.

Wapo wanaotunga programu za kununua na kuuza kwa kasi isiyoweza kufuatwa na jicho. Wapo wanaotunga zile za kukadiria benki itapata hasara kiasi gani bei zikianguka. Wengine, ambao hawasifiwi sana, huhakikisha kwamba kila kilichouzwa kimelipiwa na kuandikwa.

Chukua mfano wa Goldman Sachs, benki iliyoanzishwa mwaka 1869. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 benki hiyo ilijitengenezea mfumo wake wa kupima bei na hatari, uitwao SecDB, pamoja na lugha yake ya kompyuta, iitwayo Slang. Anayeimudu lugha hiyo ni mtu wa maana sana ndani ya jengo. Akitoka nje, hakuna wa kuzungumza naye.

Hapo ndipo linapozuka swali letu. Mtunzi akihama, anaondoka na nini?

Swali hilo lilimkuta Sergey Aleynikov, aliyekuwa akiitungia Goldman Sachs programu za biashara ya kasi. Mwaka 2009 alipata kazi kwenye kampuni nyingine, kwa mshahara mkubwa zaidi. Kabla ya kuondoka alinakili mafaili na kuyapeleka kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani. Julai mwaka huo alikamatwa. Alijitetea kwamba alitaka zile programu huria, yaani zilizotungwa kwa hiari na kuachwa zitumiwe na watu wote, ambazo zilikuwa zimechanganyika na za benki. Baraza la wazee wa mahakama halikumkubalia, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miezi 97.

Alipokwisha kukaa gerezani karibu mwaka mmoja, mwaka 2012 mahakama ya rufani ilimwachia. Ilisema sheria ya mali ya wizi inahusu vitu vya kushikika, na programu haishikiki. Kabla ya mwaka kwisha, bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya siri za biashara ili kuziba mwanya mwingine uliotokana na hukumu hiyo. Naye Aleynikov akashtakiwa upya, safari hii na jimbo la New York. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilithibitisha hatia yake, ikisema kwamba programu ikihifadhiwa kwenye diski inachukua nafasi, kwa hiyo inashikika. Kitu kile kile, mahakama mbili, majibu mawili.

Ndugu wasikilizaji, seremala aliyeajiriwa akitengeneza kiti, kiti ni cha mwenye karakana. Hakuna ubishi. Lakini ufundi wa kukitengeneza anarudi nao nyumbani kila jioni, wala hakuna askari wa lango anayeweza kumpekua. Kwa mtunzi wa programu, kiti na ufundi vimekaribiana mno. Benki ina haki ya kulinda ilichogharamia. Mfanyakazi naye ana haki ya kuhama bila kuacha akili yake mlangoni. Mpaka kati ya haki hizo mbili huandikwa katika mkataba, nao husainiwa siku ya kwanza, wakati mtu ana furaha ya kupata kazi na hana hamu ya kusoma kurasa nyingi.

Basi vijana wetu wanaosomea kompyuta wausome mkataba kwanza, na pasipoeleweka waulize. Tena siku ya kuaga waondoke mikono mitupu, hata kama wanaamini faili fulani ni la watu wote. Tahadhari kabla ya hatari.