Silabi Kabla ya Kitabu: Somo Kutoka Mashamba ya Chai

Juma hili twaelekea bara, kwenye vilima vya Kericho na Bomet, ambako chai imelimwa katika mashamba makubwa tangu miaka ya 1920. Kilimo hicho kiliwakusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi. Katika safu moja ya nyumba za shambani waweza kuwakuta Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya, na watoto wao wakicheza pamoja kwa Kiswahili. Mtoto wa huko hujitwisha lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza. Na akiwa Mwislamu, huongeza Kiarabu cha chuoni.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto aweza kufika gredi ya tatu akikiimba kitabu kwa moyo, lakini ukimfunikia picha, ulimi hunyamaza. Baada ya hapo masomo yote humtaka asome ili ajifunze. Asiyeweza huachwa nyuma kimya kimya, na watu wakamdhania mjinga ilhali hakuoneshwa njia tu.

Njia hiyo huanzia katika silabi, yaani kipande cha neno kitamkwacho kwa mara moja. Kikapu cha mchuma chai kina vipande vitatu: ki-ka-pu. Shamba ni viwili: sha-mba. Chai nayo ni viwili: cha-i. Kiswahili kimejaaliwa wepesi katika jambo hili, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na kila irabu ina sauti moja isiyobadilika. Kiingereza hakina wepesi huo. Mtoto aliyeimarika katika silabi za Kiswahili huwa ameshika msingi wa kuendea lugha nyingine. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini Kenya mwaka 2015, nao uliwafundisha watoto wa madarasa ya mwanzo sauti na silabi kwa Kiswahili na Kiingereza.

Watoto wa Kikipsigis wana jambo lao la kuangaliwa. Maneno mengi ya lugha yao hufungwa kwa konsonanti: Bo-met, So-tik, mur-sik. Kwa hiyo daf-ta-ri na lab-da, maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, hayawapi taabu. Taabu yao iko kwingine: katika Kikipsigis, sauti ya p na ya b hazitofautishi maana ya maneno, wala t na d, wala k na g. Mtoto akiandika “papa” akikusudia “baba”, asikemewe. Atamkiwe pa na ba polepole, ashike koo lake asikie mtetemo wa b, kisha aandike tena.

Wazazi wa Kiislamu hawana sababu ya kuliona somo hili kuwa geni. Neno lenyewe “irabu” limetujia kutoka Kiarabu. Chuoni mtoto hutiwa fataha juu ya herufi akasoma ba, kasra akasoma bi, dhuma akasoma bu. Na penye sukuni, silabi hufungwa. Huyo amekwisha kujifunza silabi kabla hajalisikia jina lake. Kilichobaki ni kumwonesha kwamba ufunguo ni ule ule.

Wako mama watakaosema: sisi twatoka alfajiri kwenda kuchuma chai, na wengine hatukusoma. Twawajibu kwamba silabi ni kazi ya sikio kabla haijawa kazi ya jicho. Mama asiyejua herufi hata moja aweza kuifundisha akimenya viazi. Na afanye hivi:

Kwanza, mtoto apige makofi kwa kila kipande cha jina lake na majina ya nduguze. Pili, mama atamke vipande mbalimbali, “m... to... to”, naye mtoto aviunge. Azingatie kwamba m hapo ni silabi kamili, kofi lake pekee. Lakini mbu-zi ni makofi mawili tu. Tatu, wabadilishe kipande kimoja: pata iwe bata, kisha bata iwe bati. Nne, ajuaye kuandika, awe kaka au dada, achore ba be bi bo bu kwa kijiti mchangani, na mtoto ajenge maneno. Akikosea tahajia, asiambiwe neno zima, aulizwe, “Kipande cha pili chasemaje?” Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe.

Dakika kumi baina ya Magharibi na Isha zatosha, maadamu ni kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Umma ambao wahyi wake wa kwanza ulikuja na amri ya kusoma haufai kumwacha mwanawe akwame kwenye mlango wa herufi. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu, wa pwani na wa bara, milango ya elimu yenye manufaa. Amin.