Kivu Kusini: Wawindaji wa zamani walioacha mitego na kuchonga gorila wa mbao

Kipande cha mti kinachotosha kiganjani kinaanza kwa kupigwa tezo. Kichwa kinatokea kwanza, mabega yanafuata, kisha kisu kidogo kinatafuta macho, pua na vidole. Mwisho unakuja msasa na dawa ya kung'arisha. Kinachobaki mezani ni gorila mdogo, ameketi, mikono juu ya magoti.

Upande wa Miti, katika eneo la Kabare, kazi hiyo ina historia ya pekee. Baadhi ya watu waliofundishwa kuchonga gorila hao walikuwa zamani wakiingia msituni kutega wanyama.

Miti iko kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara ya Kavumu. Hapo ndipo barabara ya Goma inaachana na ile inayopanda Tshivanga, kwenye kituo cha Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na kuendelea hadi Hombo na Walikale. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970, UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Inalinda gorila wa Grauer, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Makadirio ya watafiti ya mwaka 2021 yalitaja gorila 6,800 hivi.

Wazo la kuchonga lilitoka kwa shirika la Pole Pole Foundation, linalojulikana kama POPOF. Lilianzishwa mwaka 1992 na John Kahekwa, aliyekuwa mfuatiliaji wa gorila na kiongozi wa watalii katika hifadhi. Mwaka uliofuata, Maheshe, dume aliyejulikana sana na watalii, aliuawa. Baadaye vita vilipoanza mwaka 1996, karibu nusu ya gorila wa sehemu ya milimani walipotea.

Kahekwa alipowauliza wawindaji kwa nini wanaua wanyama, jibu lilikuwa njaa. Tumbo tupu halina masikio: msemo huo amekuwa akiurudia kila anapoeleza kazi yake. Kumkataza mtu kuwinda bila kumpa njia nyingine ya kulisha watoto hakungefika mbali. Ndiyo maana wawindaji walioacha mitego walifundishwa kuchonga, na wake zao wakafundishwa kushona. Shirika lilijenga pia shule na kupanda mamilioni ya miche nje ya hifadhi, ili watu wapate kuni na mbao bila kukata msitu. Mwaka 2013 Kahekwa alipewa tuzo ya Whitley mjini London, na mwaka 2021 POPOF ilifika fainali ya tuzo ya Earthshot.

Kuchonga si kazi ya haraka. Mti mbichi ukichongwa mapema hupasuka unapokauka, kwa hiyo lazima usubiri. Mchongaji hufuata pia mshipa wa mti, maana akiupinga, kidole au sikio linaruka na kazi ya siku nzima inaharibika. Akizoea umbo moja, anaweza kuligeuza kuwa mengi: akiacha mbao kidogo kifuani, anapata mama na mtoto wake, akipanua mabega na kuinua kichwa, anapata dume la mgongo wa fedha.

Huko Ulaya na Marekani, watu wazima wananunua sanamu ndogo za plastiki za bei nafuu, wanazikata, wanazibandika mikono na silaha nyingine, wanazipaka rangi, kisha wanazipanga mezani kwa mchezo wa vita. Karibu na Kahuzi-Biega, silaha na mitego vilikuwa vya kweli. Mugaruka, dume mmoja wa hifadhi hiyo, alipoteza mkono kwa sababu ya mtego.

Hata hivyo, kuchonga hakumalizi kila tatizo. Familia za Batwa zilifukuzwa msituni hifadhi ilipoundwa na kupanuliwa katika miaka ya 1970, bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Kwa mtu aliyepoteza msitu na shamba, patasi inampa kazi lakini haimrudishii ardhi.

Kuna pia swali la soko. Gorila wa mbao hununuliwa zaidi na mgeni, na mgeni huja kukiwa na amani. Mwezi wa pili mwaka 2025, waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani kabisa na Miti, kisha wakaingia Bukavu. Uwanja huo ulikuwa mmoja wa milango ya wageni wanaokuja kwa ndege.

Sanamu haiozi kama nyanya. Inaweza kungoja kwenye rafu miezi na miezi. Lakini watoto wa mchongaji hawawezi kungoja chakula hivyo. Sanamu zisipouzwa, njaa ile ile iliyowapeleka baba zao msituni inarudi nyumbani, na hifadhi iko pale pale, juu kidogo ya barabara.