Kipepeo Hakuukausha Mto Katuma

Kabla ya mwaka 1987, nadharia ya machafuko ilikuwa mali ya wanahisabati na wanasayansi wachache. Mwaka huo James Gleick, mwandishi wa habari wa Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho Chaos, na kipepeo, yule anayesemekana kupiga mabawa na kuzua dhoruba mbali, akaingia katika hotuba za kufungulia semina, ambako hajatoka mpaka leo.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1961. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, aliendesha kwenye kompyuta hewa ya kubuni iliyotawaliwa na milinganyo 12. Alipotaka kurudia sehemu ya hesabu, aliingiza namba aliyoisoma kwenye karatasi: 0.506. Ndani ya mashine ilikuwa 0.506127. Matokeo mapya yalifuatana na ya awali kwa muda, kisha yakaachana kabisa. Hapakuwa na bahati nasibu yoyote. Kila hatua iliamuliwa na ile iliyoitangulia. Zilikosekana tarakimu tatu tu.

Uzito wa jambo hili uko katika namna kosa linavyokua. Tuseme kosa la kipimo cha leo huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili. Ukinunua vyombo vyenye usahihi mara kumi zaidi, utabiri wako haurefuki mara kumi. Unaongezewa siku sita au saba. Ukirudia gharama hiyo, unapata sita au saba nyingine. Tena makosa ya vitu vidogo, kama wingu moja, hukua kwa kasi zaidi, ndiyo maana wataalamu wengi huweka ukomo wa utabiri wa siku kwa siku karibu na wiki mbili, bajeti iwe kubwa kiasi gani.

Mkulima wa mahindi wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, ana haki ya kuuliza: ikiwa wiki ya tatu haijulikani, Mamlaka ya Hali ya Hewa inapata wapi ujasiri wa kuzungumzia msimu mzima, Novemba hadi Aprili? Jibu ni kwamba mwelekeo wa msimu haufuatilii mawingu. Unaegemea joto la bahari za Pasifiki na Hindi, ambalo hubadilika polepole na kuufanya msimu uelekee zaidi kwenye mvua nyingi au chache. Hausemi lolote kuhusu Jumanne. Hata utabiri wa siku chache umebadilika: tangu 1992 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani huendesha hesabu ileile mara nyingi, kila mara mwanzo ukiwa umetikiswa kidogo. Majibu yakikaribiana, utabiri unaaminika. Yakitawanyika, mtabiri mwangalifu hupunguza sauti. Kilichomsumbua Lorenz sasa ni utaratibu wa kazi.

Kishawishi kinachofuata ni kuyaona machafuko kila mahali. Mwaka 1976 mwanaikolojia Robert May alionyesha katika jarida la Nature kwamba mlinganyo mfupi wa idadi ya wanyama, ambamo idadi ya mwaka huu huzaa ya mwaka ujao, huacha kutulia kiwango cha kuzaana kikipandishwa: idadi hupokezana kati ya viwango viwili, kisha vinne, na hatimaye hurukaruka bila kujirudia. Gleick ameipa hoja hiyo sura nzima. Aliyewaona viboko wa Hifadhi ya Katavi wakirundikana wakati wa kiangazi kwenye madimbwi ya Mto Katuma anaweza kudhani amepata mfano wake.

Hajaupata. Maji ya kiangazi yamepungua hasa kwa sababu huchepushwa huko juu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Hapa hakuna kosa dogo linalokua. Kinachochukuliwa juu ndicho kinachokosekana chini, na kila mfereji una mwenyewe. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo kazi yake ni pamoja na vibali vya kutumia maji hayo, ina hesabu ya kutoa tu mbele yake.