Mwenye gari na fundi wake: haki ya kila mmoja iko wapi?

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayovunja ujirani katika miji yetu, na ambayo ni nadra kutajwa mimbarini, ni mzozo wa gereji. Mtu huacha gari lake kwa fundi asubuhi wakiwa wanasalimiana kwa bashasha, na baada ya siku chache hawatazamani usoni. Jambo hili huonekana dogo. Lakini ndani yake mna mali ya mtu, jasho la mtu na heshima ya mtu, na vyote vitatu vimewekewa mipaka na sheria yetu tukufu.

Hebu na tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu wa Kisauni, Mombasa, ana Toyota Corolla lililoundwa mwaka 1998, ambalo liliingia bandarini likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yalivyoingia magari mengi ya nchi hii. Gari hilo ndilo linalompeleka mama yake mzazi hospitalini kila mwezi na wajukuu madrasa. Siku moja injini ikachemka njiani. Fundi wa mtaani, ambaye husimama naye safu moja katika sala ya alfajiri, akalitazama na kusema: "Mwalimu, hii ni gasketi ya hedi. Gasketi yenyewe, kusawazishwa hedi na ufundi, haizidi shilingi 22,000." Mwalimu kwa haraka zake akajibu: "Fundi, wewe fanya ufanyavyo, mradi gari litoke kabla ya Jumatatu."

Siku ya nne akapewa hesabu ya shilingi 47,500. Gasketi ilikuwa 4,500, kusawazisha hedi 7,000, pampu mpya ya maji 9,500, mkanda wa injini 6,500 na ufundi 20,000. Mwalimu akashangaa, lakini aliambiwa gari haliondoki mpaka fedha zitimie. Akakopa kwa nduguye, akalipa. Siku ya tisa injini ikachemka tena, mama mzee akiwa ndani, jua la saa saba likiwaka. Fundi wa pili aliyeitwa akasema kwamba radieta imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima na kwamba ile pampu si mpya hata kidogo. Jioni hiyo, mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini, mwalimu akasema kwa sauti: "Yule ni mwizi." Maneno yakamfikia mwenyewe, na tangu siku hiyo fundi hakuonekana tena katika msikiti ule.

Je, ni nani mwenye haki? Tusikimbilie hukumu. Tuufungue mzozo huu fundo moja baada ya jingine.

Ahadi ya kazi au ahadi ya matokeo?

Wanazuoni wa fiqhi wametofautisha mikataba miwili. Wa kwanza ni ijara, yaani kumkodi mtu afanye kazi inayojulikana kwa ujira unaojulikana. Wa pili ni ju'ala, ambapo mtu huahidi malipo kwa yeyote atakayeleta matokeo fulani. Mfano wake tunaupata katika Surat Yusuf, aya ya 72, ilipotangazwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta chombo cha mfalme kilichopotea. Katika ju'ala, asiyeleta matokeo hana malipo hata akitaabika vipi. Katika ijara, aliyefanya kazi aliyokubaliana anastahiki ujira wake.

Mizozo mingi ya gereji huzaliwa hapa. Mwenye gari huamini amenunua matokeo: gari liache kuchemka. Fundi huamini ameuza kazi, yaani kubadilisha gasketi. Gari kuukuu huzidisha utata huo, kwa kuwa kuchemka kwa injini kuna sababu nyingi zenye dalili zinazofanana: radieta iliyoziba, thamostati iliyokwama, feni isiyozunguka, pampu iliyochoka au gasketi iliyoungua. Inawezekana kabisa sababu mbili zikawepo pamoja, fundi akatibu moja na nyingine ikabaki.

Kwa hiyo, fundi aliyebadilisha gasketi vizuri hawi mwizi kwa sababu tu gari limechemka tena. Hali yake ni kama ya tabibu. Tabibu mjuzi asiyezembea hadaiwi kwa sababu mgonjwa hakupona, lakini Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Vivyo hivyo fundi ataulizwa: je, alipima kabla ya kufungua? Alitazama kama mafuta ya injini yamegeuka rangi kama chai ya maziwa, jambo linaloonyesha kwamba maji yameingia? Aliijaribu radieta? Ikiwa alibahatisha kwa mali ya mwenziwe, huo ni uzembe, na uzembe una dhamana.

Kazi ambayo hukuiagiza

Fundo la pili ni ile pampu, ule mkanda na ufundi uliopanda kutoka 10,500 hadi 20,000. Vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa katika pwani yetu vina mas'ala yanayokaribiana sana na haya. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kisa cha mtu aliyempa fundi cherehani kitambaa, kisha wakahitilafiana: mwenye kitambaa anasema aliagiza kanzu ya aina moja, mshonaji anasema aliagizwa aina nyingine. Kauli iliyo wazi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba mwenye kitambaa atasadikiwa kwa kiapo chake. Halazimiki kulipa ujira, na mshonaji atafidia upungufu uliopatikana.

Funzo lake ni kwamba mali ni ya mwenyewe, na anayeigusa lazima awe na idhini. Aliyefanya kazi bila kuagizwa huhesabiwa kuwa amejitolea, na hawezi kumgeuzia mwenziwe kujitolea huko kuwa deni. Lakini hapa mwalimu naye ana kosa lake. Maneno "fanya ufanyavyo" ni idhini isiyo na mipaka, na fundi anaweza kuyashika. Pale ujira usipobainishwa, wanazuoni hurejea kwenye ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa mafundi wengine wa kiwango hicho, mahali hapo, kwa kazi hiyo. Bei haiwi ile anayoitamka fundi peke yake siku ya mwisho, wala ile anayoitamani mwenye gari.

Kipuri: mwakilishi au muuzaji?

Fundo la tatu halifikiriwi na wengi. Fundi anapokwenda dukani kununua kipuri kwa fedha zako, yeye ni wakili wako na mwaminifu wako. Akipunguziwa bei, punguzo hilo ni lako, na hana ruhusa ya kuongeza chochote bila ya wewe kujua. Ama akinunua kwa fedha zake kisha akakuuzia, hiyo ni biashara halali na faida yake ni halali, kwa sharti aeleze kitu kilivyo. Pampu iliyotumika ikiuzwa kwa jina la mpya, hiyo ni ghushi. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji kwa kuficha aibu ya bidhaa yake na kuwatoa wadanganyifu katika mwendo wake.

Vipuri vilivyotolewa navyo ni mali ya mwenye gari, hata vikiwa havina thamani. Fundi anayevirejesha bila kuombwa hujikinga mwenyewe na dhana mbaya.

Kwa nini Imamu Shafi alinyamaza

Je, kitu kikiharibika mikononi mwa fundi bila ya uzembe wake, atalipa? Wanazuoni wamehitilafiana. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kwamba aliwadhaminisha mafundi kwa ajili ya kuhifadhi mali za watu, na Imamu Malik naye akaona hivyo. Ama Imamu Shafi, mwanafunzi wake Rabi' ameeleza kwamba aliitakidi kuwa fundi hana dhamana asipofanya uzembe, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuchelea mafundi wabaya. Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Imamu aliijua haki ya fundi mwema, na wakati huo huo akaogopa ulaghai wa fundi muovu. Nasi tunapaswa kuyashika yote mawili.

Njia ya kudai haki

Wengi hudhani mzozo kama huu hupelekwa kwa Kadhi. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Mzozo wa fedha za gereji una mahakama yake, ile ya madai madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo imegusa moja kwa moja ukarabati wa magari, yakiwemo makadirio ya gharama na idhini ya mwenye mali.

Lakini kabla ya mahakama kuna mlango wa sulhu, nao una adabu zake. Kwanza, mrudie fundi mwenyewe, faraghani, ukiwa na risiti, na umpe nafasi ya kulitazama gari kabla halijafunguliwa na mwingine. Pili, mkihitilafiana, mtafuteni mjuzi wa kazi hiyo anayeaminiwa na nyote wawili, kwa sababu imamu hajui pampu na shahidi wa mtaani hajui gasketi. Tatu, anayedai alete ushahidi, na anayekana aape. Wala mtu asikimbilie kuapa juu ya jambo asilolijua.

Katika mfano wetu, imamu aliwakalisha wawili hao baada ya sala ya Isha pamoja na mzee aliyestaafu ufundi wa mitambo. Fundi alitoa risiti ya karakana iliyosawazisha hedi, ikathibiti kwamba kazi ile ilifanyika kweli. Mzee akaikagua pampu, akakuta ni kuukuu iliyopakwa rangi. Fundi akainamisha kichwa na kukiri. Radieta pia hakuijaribu. Wakapatana hivi: zile 22,000 za mwanzo zibaki, mkanda ulipiwe bei yake kwa kuwa ni mpya na mwalimu ameukubali, pampu mpya ifungwe kwa gharama ya fundi, radieta isafishwe bure, na ufundi uliozidi, shilingi 9,500, urejeshwe.

Kisha imamu akamgeukia mwalimu: "Na wewe mwalimu, yake utamrejeshea lini?" Mwalimu akauliza ni ipi. Akajibiwa: "Heshima yake." Kwani alipoitamka ile kauli mbele ya watu hakuwa na ushahidi wowote ila neno la fundi mwingine, na alimhukumu kwa kazi yote, ikiwemo ile aliyoifanya kwa uaminifu. Ijumaa iliyofuata mwalimu alisimama mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, akasema: "Fundi huyu nilimwita mwizi. Tumepatana, nami namwomba radhi." Fundi alikuwa amerudi, yuko safu ya pili.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya muflisi wa Siku ya Kiyama: mtu anayekuja na sala, saumu na zaka, lakini amekula mali ya huyu na kumtukana yule, mema yake yakagawiwa wadai wake mpaka yakamalizika. Muflisi huyo anaweza kuwa fundi aliyeuza pampu kuukuu. Anaweza pia kuwa mwenye gari aliyedhulumiwa 9,500 akalipiza kwa kula nyama ya nduguye.

Basi kabla hujakabidhi ufunguo, andikeni: kazi ni ipi, bei ni ipi, kipuri ni kipya au kilichotumika, na likizuka la kuongeza, fundi apige simu kwanza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat al-Baqara, imetufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Karatasi moja yenye mistari minne ingemwepusha mama mzee na jua la saa saba, na ingewaacha majirani wawili katika safu moja.

Allah (S.W.) atujaalie uaminifu katika kazi zetu na uadilifu katika ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.